Kitambaa cha Saba cha Fundi Maziwa

Saa mbili kasorobo asubuhi. Fundi Maziwa ameinama juu ya tangi namba nne, uso ameukunja kwa sababu ya mvuke, mkono wake wa kulia umeshika usukani mdogo wa bomba. Anaufungua kidogo sana. Aliyesimama pembeni hawezi kujua kama umesogea au anaupapasa tu.

Ndani ya tangi mna maji ya manjano yaliyofifia, moto wa kumchubua mtu ngozi. Ni mchanga mzito uliochomwa kwa asidi kisha ukayeyushwa. Humo zimo metali adimu, zile zinazotengenezewa sumaku za spika na za injini za umeme, na ndizo zinazokilisha kiwanda hiki. Humohumo imo thoriamu, metali yenye mionzi, ambayo hakuna mnunuzi anayetaka hata kuisikia. Kazi ya Fundi Maziwa ni kuitoa.

"Hapa hakuna uchawi," anasema bila kugeuka. "Maji yana asidi kali. Mimi nayapunguza makali kwa huu uji."

Uji wenyewe si wa kunywa. Ni unga mweupe wa magnesia uliokorogwa na maji, unaoshuka tone kwa tone kutoka kwenye bomba lake. Makali ya asidi yakipungua taratibu, thoriamu ndiyo ya kwanza kushindwa kubaki majini. Inaganda, inazama. Zile metali za thamani zinabaki zimeyeyuka, na baadaye zinachujwa zikapita zake.

"Ukiwa na haraka, zinazama zote, umepoteza mzigo wa siku mbili," anaeleza. "Ukiwa mwoga, thoriamu inabaki majini, inasafiri mpaka kwa mnunuzi, na mzigo unarudishwa. Kwa hiyo hutakiwi kuwa na haraka wala woga. Unatakiwa uwe na subira ya mtu anayebembeleza mtoto alale."

Kipimo cha uchachu ukutani, ambacho namba yake hupanda asidi ikipungua, kinasoma mbili nukta nane. Anataka kifike tatu na nusu na kisivuke nne, na itamchukua saa nne kufika huko. Mara maji yanageuka. Weupe unatokea chini, unapanda, unatanda tangi zima.

"Huyo," anasema kwa sauti ya chini.

Ni kwa sababu ya weupe huo wenzake walimpa jina la Maziwa. Ana umri wa miaka arobaini na mitatu, na miaka kumi na mitano kati ya hiyo ameimalizia mbele ya matangi haya. Anatembea kilomita tatu kuja kazini. Nyumbani ni vyumba viwili na watu watano. Kati ya wafanyakazi mia mbili na kumi wa kiwanda, wenye mkono wa kulifikisha tangi mahali pake bila kupoteza mzigo ni wawili tu, na yeye ni mmoja wao.

Lakini si mkono huo uliomleta mwandishi wa makala haya hapa. Uongozi wa kiwanda ndio uliolialika gazeti, ukasema una mfanyakazi aliyekosea kosa kubwa, akalikiri lote bila kuficha, na sasa anawafundisha wenzake umuhimu wa kusema ukweli. Barua ya mwaliko ilimwita "mfano wa ukweli kazini". Fundi Maziwa alipoonyeshwa barua hiyo aliisoma, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni, akasema twende tukaangalie tangi.

Kosa lenyewe ni la vitambaa.

Maji yakishakuwa maziwa hupelekwa kwenye kichujio, mashine ndefu yenye mabamba yaliyobanana, na kila bamba limevikwa kitambaa kizito cheupe. Maji safi yanapita, tope la thoriamu linabaki kwenye kitambaa. Kiwanda kina vichujio viwili. Kimoja ni cha upande huu, ambao wafanyakazi wanauita upande mchafu. Kingine kiko mwisho wa safari, upande safi, ambako thoriamu haipo tena.

Vitambaa vya upande safi vikichakaa, wafanyakazi hugawiwa. Kuna daftari, na kila mtu ana zamu yake. Ni vitambaa vya mita mbili kwa moja na nusu, havichaniki, haviozi, maji hayatuami juu yake. Katika nyumba za wafanyakazi utaviona vimeanikiwa nafaka, vimefunika magunia, vimetandikwa barazani. Mtu akipata kimoja, majirani wanamwita tajiri.

Vya upande mchafu vina sheria nyingine. Vikitolewa kwenye bamba, hukatwa kwa kisu mara mbili, mikato inayopishana katikati, ili visimtamanishe mtu, kisha huwekwa kwenye pipa la njano na kufungiwa ghala la zege. Aliyekabidhiwa kisu hicho ni Fundi Maziwa.

"Kitambaa kina tundu moja la kupitisha kidole, ndiyo kimeharibika hicho," anasema. "Mimi nimekulia nyumba ambayo shuka moja tulilala watu wanne. Nilikuwa nikikichana najisikia vibaya kuliko ninavyoweza kukueleza. Na zamu yangu kwenye daftari la upande safi ilikuwa ya thelathini na moja."

Miezi tisa iliyopita aliacha kukata. Alivitoa vitambaa vilivyokuwa na hali nzuri, akaviosha mwenyewe.

Hapo ndipo ufundi wake ulipomponza. Mtu asiyejua kazi hii angeogopa hata kuvigusa. Yeye alijua kwamba thoriamu huyeyuka kwenye asidi, kwani ndiyo kazi yake ya kila siku. Alivitia kwenye asidi ya moto mara tatu, akavisuuza, kisha akayapima maji ya kusuuzia kwa kuyatilia uji wa magnesia. Hayakugeuka maziwa. Maana yake thoriamu ilikuwa imekwisha.

"Nilijiona bingwa," anasema. "Nikasema, mimi ninayeitoa kwenye maji tani kwa tani, itanishinda kwenye nguo?"

Hesabu yake ilikuwa sahihi nusu. Afisa usalama wa mionzi wa kiwanda, mama mmoja mfupi anayetembea na kipimo kimemning'inia shingoni na ambaye wafanyakazi wanamwita Mama Kipimo, anaeleza nusu iliyobaki. Thoriamu haikai peke yake. Kadiri miaka inavyokwenda, inajibadilisha polepole na kuzaa metali nyingine zenye mionzi, na hizo zina tabia zake. Baadhi yake asidi ile haiziyeyushi hata kidogo. Zinajibana ndani ya nyuzi.

"Alimfukuza mzazi akawaacha watoto ndani ya nyumba," anasema Mama Kipimo. "Angeniomba kipimo changu kwa dakika moja tu, ningemwambia. Hakuniomba."

Fundi Maziwa alivitoa vitambaa getini kimoja kimoja, mlinzi akidhani ni vya upande safi. Kimoja alikitandika barazani kwake. Vingine aliwagawia majirani, na hakuchukua malipo. Anasema alipenda kuitwa tajiri, basi.

Aliumbuka miezi miwili iliyopita, kwa namna ambayo hadi leo walinzi wanaisimulia. Kiwanda kilikuwa kimefunga mtambo mpya getini, unaolia ukipitishiwa kitu chenye mionzi. Umewekwa kukamata vinavyotoka. Asubuhi moja ulilia Fundi Maziwa akiingia.

"Tulicheka sana," anakumbuka mlinzi wa zamu hiyo. "Nikamwambia, Maziwa, wenzako wanatuibia, wewe leo umekuja kutuongezea?"

Kilichoufanya mtambo ulie kilikuwa mfuko wake wa chakula. Mkewe alikuwa amekata pembe ya kile kitambaa cha barazani akamshonea mfuko, akautia na maua mawili ya uzi mwekundu, amfurahishe mumewe.

"Mlinzi akawa anacheka, mimi nayatazama yale maua mekundu," anasema Fundi Maziwa. "Nilijua palepale. Nilitamani ardhi ipasuke nizame na ule mfuko."

Alipelekwa kwa Mama Kipimo, akakiri. Akaulizwa vitambaa vingapi, akasema sita, akazitaja nyumba sita, ya kwake ikiwa ya kwanza. Mchana huohuo watu waliovaa mavazi meupe walifika mtaani, wakapima sakafu, wakaosha baraza, wakabeba vitambaa na vumbi. Watu ishirini na wawili walipelekwa hospitali. Daktari alisema walichopata ni kidogo, hakuna mwenye dalili, ila wapimwe kila mwaka. Fundi Maziwa alisimamishwa wiki mbili bila mshahara na akanyang'anywa cheo cha kiongozi wa zamu.

Kilichofuata ndicho hakukitegemea. Kwa kuwa alikiri upesi na kutaja kila nyumba, Mama Kipimo aliona anafaa kuwa funzo. Kila Jumatatu, kabla ya kazi, humsimamisha mbele ya zamu nzima asimulie. Ameshasimama mara saba. Kila mara husimulia vitambaa sita na nyumba sita, watu humpigia makofi, na msimamizi humpa mkono.

Tukiwa bado tangini, mwandishi wa makala haya alimwuliza swali ambalo huulizwa katika kila simulizi ya aina hii, swali la kujazia ukurasa tu. Alimwuliza wakwe zake walilipokeaje jambo hilo.

Fundi Maziwa alitazama tangi. Akaufunga usukani, akaufungua tena, akamwita mwenzake ashike.

"Zima hicho kinasa sauti," akasema tulipofika kwenye korido. Kabla hakijazimwa akasema, "Hapana, kiache. Kiache kinase. Vilikuwa saba."

Alikaa kwenye ngazi, kofia ngumu mapajani. Cha saba kipo kwa mama mkwe wake, mwendo wa saa mbili kwa gari. Alimpelekea mwenyewe, amekikunja vizuri, amekifunga kwa utepe, mbele ya shangazi na mashemeji. Mama mkwe alikipokea kwa mikono miwili, akamwambia bintiye kwamba ameolewa na mtu anayejali. Tangu hapo hukitumia kuanikia nafaka zake, na kila mwezi alikuwa akiwapelekea unga.

"Siku ile ofisini niliulizwa vingapi," anasema. "Nikaanza kuhesabu nyumba kichwani. Nilipofika kwa mama mkwe, ulimi ukagoma. Nikamwona vile alivyokipokea. Nikasema sita. Nikajiambia Jumamosi nitakwenda nikichukue kimyakimya. Jumamosi ikapita. Kisha wakaanza kunipigia makofi."

Mkewe alimwuliza kuhusu kitambaa cha mama yake. Alimjibu kwamba ameshakirudisha.

Halafu unga ukaja. Gunia dogo la mwezi, kwa mkono wa jirani aliyekuwa akipita. Ulikuwa umeanikwa juu ya kitambaa cha saba, na watoto wake watatu walikuwa wakisubiri uji. Fundi Maziwa alilibeba akalimwaga lote shimoni. Mkewe alipouliza, alisema unga una wadudu.

"Nilishindwa kumwambia una nini," anasema. "Wadudu ndilo neno lililokuja."

Mkewe aliumia. Alimpigia simu mama yake, akijaribu kulisema jambo hilo kwa upole. Tangu siku hiyo mama mkwe hakupeleka unga tena, na bintiye akisema anataka kwenda kumtembelea, anaambiwa mama ana kazi nyingi.

Saa tano kasorobo, Fundi Maziwa aliingia katika ofisi ya Mama Kipimo. Hakukaa. Alisema idadi, akasema mahali. Mama Kipimo alikuwa akiandika. Aliendelea kuandika hadi mwisho wa mstari, akafunika kalamu.

"Mara saba nimekusimamisha mbele ya watu," alisema. "Mara saba nimesema, mtazameni huyu."

"Ndiyo, mama."

"Unanifanya nini mimi, Maziwa?"

Mama Kipimo alichukua funguo, akawapigia simu watu wake wawili, akaagiza gari lije mlangoni sasa hivi. Alitaka mama mkwe apigiwe simu, aambiwe akae mbali na kitambaa. Fundi Maziwa alipiga mara tatu, haikupokelewa. Mwandishi naye akapanda, wakaondoka.

Walipokaribia, aliomba kitu kimoja. Aliomba aingie kwanza yeye, bila mavazi meupe nyuma yake, amwambie mama huyo kwa mdomo wake.

"Dakika ishirini," alisema Mama Kipimo. "Na huko ndani asiguse kitu mtu yeyote. Ya ishirini na moja nabisha mimi."

Fundi Maziwa akamgeukia mwandishi. "Twende wote. Ukibaki nje, najijua, nitasema neno jingine."

Nyumba ni ya matofali, bati lake limepakwa rangi ya kijani upande mmoja tu, rangi ilipoishia. Uani, mahali penye jua zuri kuliko pote, kitambaa kimetandazwa, mawe manne pembeni, nafaka juu yake imesawazishwa kwa kiganja. Hata mgeni angekubali kwamba ni kitambaa kizuri.

Mama mkwe ana miaka sabini na mmoja. Alikuwa amekaa kwenye kigoda kivulini na ungo mapajani, simu iko ndani inachaji. Alipomwona mkwewe alijaribu kusimama haraka, ungo ukataka kumponyoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona hukusema unakuja? Ungenikuta nimejiandaa. Na huyu mgeni?"

"Ni mwandishi wa gazeti."

"Gazeti!" Akajifuta mikono kwenye khanga. "Mkwe wangu anaandikwa gazetini, na mimi nimekaa na vumbi hili. Karibuni ndani, karibuni."

"Mama, tukae hapa hapa. Upande huu, mbali na nafaka."

Hakumsikia, au alisikia akaona ni adabu tu. Aliingia ndani akatoka na mfuko, ameukumbatia kwa mikono yote miwili. Kilo kumi, labda kumi na mbili. Alipofika mbele yake alishusha macho.

"Nilisikia habari ya ule mwingine," alisema. "Kwamba ulikuwa na wadudu. Baba, sikuwa na raha. Mtu mzima mimi, nampelekea mkwe unga wa wadudu, atasemaje kwao? Basi huu nimechambua mwenyewe, punje kwa punje. Kisha nimeanika siku tatu nzima, juu ya kile kitambaa chako kizuri. Siku tatu! Hutaona hata nusu ya mdudu."

Fundi Maziwa alimtazama mwandishi. Mwandishi, ambaye kazi yake ni kutazama, alitazama chini.

"Mama, weka huo mfuko chini," alisema hatimaye. "Uweke. Usiuguse tena."

Akaanza kueleza. Alianzia mbali, kwenye mchanga na asidi, akaja kwenye thoriamu na yanayozaliwa nayo. Mama mkwe alimsikiliza kidogo, akamkatiza.

"Baba, niambie kwa maneno ya watu. Kimefanya nini hiki kitambaa?"

"Kina sumu, mama. Nilikitoa mahali pa sumu. Nilikiosha nikadhani imetoka. Haikutoka."

"Umejua leo?"

"Nimejua miezi miwili iliyopita."

"Na wale majirani zako uliowapa?"

"Waliambiwa siku ileile. Waliambiwa, wakapimwa, nyumba zikaoshwa."

"Mimi ukaniruka."

"Nilikuruka, mama."

"Kwa nini?"

"Niliona haya."

Mama mkwe alikitazama kitambaa. Ungetegemea aulize kuhusu ugonjwa, kuhusu kifua chake, kuhusu mikono yake aliyosawazishia nafaka miezi tisa. Mwandishi alikuwa ameshaandaa kalamu kwa maswali hayo. Yeye aliutazama ule mfuko uliokuwa chini.

"Na wadudu?" aliuliza.

"Hakukuwa na wadudu."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, mama. Niliumwaga mimi, kwa sababu ya kitambaa, nikausingizia wadudu. Unga wako sijapata kuona mdudu ndani yake tangu nimuoe binti yako."

Alikaa kwenye kigoda taratibu, akishikilia ukuta. Alipozungumza, sauti haikuwa ya hasira, na pengine ingekuwa nafuu ingekuwa ya hasira.

"Mwezi mzima nimemfungia mwanangu mlango. Ananiambia, mama nakuja, namwambia nina kazi. Kazi gani? Nilikuwa naona haya anione. Nikipita kwa majirani nasema, labda na wao wamesikia. Kumbe aibu ilikuwa yako, baba. Mimi nimeivaa bure."

Fundi Maziwa alilia. Hilo aliomba liandikwe, akisema makofi yaliandikwa na hili liandikwe pia.

Mama Kipimo alibisha dakika ya ishirini na moja. Aliingia na watu wake, akamwamkia mwenye nyumba, akamweleza kila hatua kabla ya kuifanya. Juu ya kitambaa kipimo kilisoma mara kumi na mbili ya kinavyosoma barabarani. Udongo chini yake, mara nne. Unga wa mfukoni ulipita kawaida kidogo tu, lakini nao ulitiwa kwenye pipa, pamoja na nafaka yote ya uani na ungo. Mama mkwe aliomba asikie mashine inavyolia. Akasikilizishwa. Akatikisa kichwa, akauliza kama hospitali watampima leo au kesho. Akaambiwa leo.

Kabla ya kupanda gari alimwita mkwewe.

"Mpigie mwanangu. Hapa, mimi nasikia. Weka sauti kubwa."

Fundi Maziwa alipiga. Mkewe alipopokea, alimwambia kitambaa cha mama yake hakijawahi kurudishwa hadi leo. Alimwambia unga haukuwa na wadudu.

"Nipe mama," sauti ikasema.

Mama mkwe alichukua simu, akaenda nayo nyuma ya nyumba. Walizungumza robo saa. Aliporudi aliirudisha bila kusema wamezungumza nini, na Fundi Maziwa hakuuliza.

Majibu ya hospitali yalitoka siku nne baadaye. Yanafanana na ya wale ishirini na wawili, ila kifua chake kitatazamwa kila baada ya miezi sita badala ya mwaka, kwa kuwa alipuliza vumbi lile kwa mdomo akipepeta. Kiwanda kimeamua kisu cha upande mchafu sasa kishikwe na watu wawili, na zoezi la Jumatatu limesitishwa. Kuhusu kazi ya Fundi Maziwa, uongozi unasema bado unatafakari. Huenda gazeti hili likitoka atakuwa hayupo tena tangini, na mwenye mkono ule atabaki mmoja.

Yeye mwenyewe aliomba zoezi lile lirudishwe mara moja tu, Jumatatu ijayo, aisimulie upya zamu nzima kwa idadi ya kweli. Mama Kipimo amekubali, kwa sharti kwamba yeye hatakuwepo chumbani.

Mkewe bado yuko kwa mama yake. Alikwenda kumwangalia mgonjwa asiyeumwa, na hajasema atarudi lini. Watoto wanaenda shule wakitokea kwa baba yao, ambaye sasa anajifunza kupika uji kwa unga wa dukani na anasema unamshinda.

Ana mpango mmoja. Mwisho wa mwezi atanunua turubai jipya la kuanikia, alipeleke mwenyewe. Alishamwambia mama mkwe siku ile, akiwa ameshikilia mlango wa gari la hospitali. Mama mkwe alijifunga mkanda, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu jibu la wadudu.

"Lete," alisema. "Ila safari hii uje na risiti."